Gari limeshajifunza, mota bado haijafunzwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie vitufe vitatu ambavyo madereva wengi huviona kila siku na hawavigusi. Huwa chini ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, au kwenye kibao cha kukinga jua, au darini karibu na taa ya kusomea. Pembeni pana picha ndogo ya nyumba, na mara nyingi jina HomeLink. Kazi yake ni kushika nafasi ya rimoti ya geti au ya mlango wa gereji, ili dereva asipekue mifuko huku mvua inamiminika na honi za nyuma zinamzomea.

Sisi ni mafundi wa mageti ya umeme, na malalamiko yanayotufikia yanafanana kama mapacha: "Nimefuata kitabu cha gari, taa imewaka vizuri, geti limenyamaza." Akiitwa fundi mwenye haraka, husema bodi ya mota, yaani ubao wake wa umeme, imekufa, na mwenye nyumba anatoa pesa ya bodi mpya. Bodi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni nusu ya kazi.

Maana kazi hii ina masomo mawili. Katika la kwanza, gari linasikiliza rimoti ya mkononi na kujifunza inavyobisha hodi. Katika la pili, mota inaambiwa kwamba kuna mgeni mpya atakayebisha hodi, na afunguliwe. Kitabu cha gari hueleza somo la kwanza kurasa nzima na la pili kwa mistari miwili. Kitabu cha mota nacho hakilijui gari lako. Watu hupotelea hapo katikati.

Kwanza hakikisha unacho chenyewe. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo yamejaa barabara zetu, hayana kifaa hiki. Vitufe vya darini huwa vya taa au vya mambo mengine. Utakikuta zaidi kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba. HomeLink ni ya kampuni ya Gentex ya Marekani, iliyoinunua kutoka Johnson Controls mwaka 2013, na watengenezaji wengi wa magari hukinunua kutoka huko na kukipachika tu. Ndiyo maana hatua za Lexus na za BMW zinafanana hata kama vitabu vyake vimeandikwa tofauti. Na ufunguo wa gari wenye rimoti hauhusiki hapa kabisa. Ule unafungua milango ya gari. Kuupeleka karibu na kioo ni kupoteza muda.

Halafu tazama masafa. Nyuma ya rimoti ya geti, au ndani ukifungua kifuniko, huandikwa namba ya megahezi. Rimoti za mageti ya kwetu nyingi ni 433.92, milango ya gereji ya Marekani hutumia zaidi 315 na 390, na rimoti kadhaa za Ulaya zipo 868. Vifaa vya HomeLink vya soko la Marekani husikiliza takriban kuanzia 288 hadi 433, na vya Ulaya hufika 868. Kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani haliwezi kusikia rimoti ya 868, ubonyeze hadi kidole kife ganzi. Wasomaji wa Muskat na Dubai wanaonunua magari yaliyotoka minadani Marekani walikague hili kabla ya lingine lolote.

Weka betri mpya kwenye rimoti. Ni jambo dogo linalodharauliwa, lakini rimoti inayofungua geti kwa shida kutoka mita tano itatoa mawimbi dhaifu pia mbele ya kioo. Nyingi hutumia betri ya volti 12 ya aina ya 23A, ile fupi nene kama kipande cha kidole, au ya sarafu CR2032 ya volti 3.

Sasa somo la kwanza. Washa swichi hadi taa za dashibodi ziwake. Injini si lazima. Kama ndiyo mara ya kwanza, au gari umelinunua kwa mtu, futa kumbukumbu ya zamani: bonyeza kwa pamoja vitufe viwili vya pembeni, cha kati ukiache, na shikilia mpaka taa ianze kumeta haraka. Matoleo mapya huchukua sekunde 10 hivi, ya zamani yanaweza kufika 20. Ikianza kumeta, achia. Kufuta huku kunafuta vitufe vyote vitatu. Mtu anafundisha cha kwanza kwa geti la nyumbani, kinakubali, kisha anataka cha pili kiwe cha ofisini, anarudia kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza, na la nyumbani linapotea. Kuanzia kitufe cha pili usirudie hatua ya kufuta. Ukitaka kubadilisha kitufe kimoja tu, kibonyeze hicho peke yake na ukishikilie hadi taa ianze kumeta, kama sekunde 20, kisha uendelee na hatua inayofuata bila kukiachia.

Shika rimoti ikiwa sentimita 3 hadi 8 kutoka kwenye vitufe vya gari, upana wa vidole viwili hadi vinne, na uache taa ionekane. Usiigandamize rimoti kwenye kioo kama muhuri. Bonyeza kitufe cha gari na cha rimoti kwa pamoja, shikilia. Taa itameta polepole. Ikigeuka kumeta kwa kasi, achia vyote. Kwenye matoleo mapya yenye taa ya rangi mbili, unabonyeza kitufe cha gari, taa inakuwa ya machungwa, kisha unashikilia cha rimoti mpaka igeuke kijani. Ikigoma, badilisha umbali na pembe kabla ya kukata tamaa: kutoka vidole viwili hadi shubiri moja, kutoka mbele hadi upande. Tunachokiona mara nyingi ni mtu kukaa pale pale, mkono ule ule, akirudia mara kumi.

Rimoti nyingine hujikata zenyewe baada ya sekunde moja au mbili hata ukishikilia. Zinazouzwa Kanada ndivyo zilivyotengenezwa, na za mageti kadhaa zina tabia hiyo. Kwa hizo, shikilia kitufe cha gari bila kuachia, lakini cha rimoti kibonyeze na kukiachia kila sekunde mbili mpaka taa ibadilike.

Hapa watu hushangilia, lakini taa ina neno la kusema na wengi hawalisikilizi. Bonyeza kitufe cha gari ulichokifundisha, shikilia, tazama. Ikiwaka tuli, rimoti yako ina msimbo wa kudumu, somo la pili huhitaji, geti linatakiwa kucheza hapo hapo. Ikimeta kwa kasi kama sekunde mbili kisha ikatulia, au kwenye matoleo mapya ikimeta kijani haraka haraka, msimbo wako ni wa kubadilika, ule mafundi wanaouita "rolingi". Gari limemaliza, mota haijaanza. Taa hiyo inayometa kwa sekunde mbili ndiyo imeuza bodi nyingi zisizohitajika.

Tofauti ya misimbo hiyo ielezwe, maana bila kuielewa yanayofuata yataonekana uchawi. Rimoti ya msimbo wa kudumu husema neno lile lile kila ukibonyeza. Zile za zamani zenye swichi ndogo ndogo ndani zilikuwa za namna hii: swichi 8 hutoa misimbo 256 tu, swichi 10 hutoa 1,024. Zile za bei nafuu zenye chipu ya EV1527 zina misimbo milioni moja na kidogo, lakini bado neno ni lile lile, na kifaa cha kunakili kinauzwa kando ya barabara. Rimoti ya msimbo wa kubadilika hubeba namba yake ya utambulisho pamoja na hesabu inayopanda kila ukibonyeza, na hesabu hiyo imefichwa kwa siri wanayoijua rimoti na mota peke yao. Neno la jana mota hailikubali leo. Ndiyo sababu kunakili mawimbi hakutoshi. Gari lazima liandikishwe kwenye mota kama rimoti mpya, lenye utambulisho wake na hesabu yake.

Hilo ndilo somo la pili. Tuanze na milango ya gereji ya Marekani, maana huko ndiko kifaa kilikozaliwa na wasomaji wako wa huko wanakitumia kila asubuhi. Kwenye mota inayoning'inia darini, upande wa nyuma au chini ya kifuniko cha taa, pana kitufe kilichoandikwa "Learn". Kwa mota za Chamberlain na LiftMaster, rangi ya kitufe hicho inakwambia karibu kila kitu. Kijani na chekundu au cha machungwa ni za miaka ya 1990 hadi katikati ya 2000, megahezi 390. Zambarau ni 315. Cha njano kilianza mwaka 2011, na mota hiyo husikiliza 310, 315 na 390 kwa pamoja kwa mfumo uitwao Security+ 2.0.

Bonyeza "Learn" mara moja na uachie. Usishikilie. Ukishikilia kama sekunde sita taa yake itazimika, na mota itakuwa imefuta rimoti zote za nyumba nzima: ya mama, ya baba, ya mpangaji. Ukibonyeza sawasawa, taa ya mota inawaka na una sekunde 30. Ngazi ni ndefu na gari liko nje, kwa hiyo muweke mtu mmoja juu ya ngazi na mwingine garini, wapige kelele wakubaliane. Aliye garini anabonyeza kitufe kile kile alichokifundisha, anashikilia sekunde mbili, anaachia; anarudia mara ya pili; wakati mwingine na ya tatu. Taa ya mota itameta au mota itatoa mlio wa "tak". Ukisikia hivyo, acha kubonyeza. Kubonyeza kunakofuata ni kwa kufungua mlango.

Mwenye gari la zamani na kitufe cha njano asijilaumu ikishindikana. HomeLink nyingi zilizotengenezwa kabla ya mfumo wa 2011 haziuelewi. Dawa yake ni kisanduku cha kati, ripita, kinachochomekwa kwenye soketi ndani ya gereji: gari linazungumza na kisanduku, kisanduku kinazungumza na mota. Hapo masomo yanakuwa matatu, lakini kila moja ni lile lile.

Sasa mageti ya kwetu. Gereji yenye mlango wa kupanda darini ni nadra Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi. Kilichojaa ni geti la kuteleza au la mbawa mbili, lenye mota ya Centurion ya Afrika Kusini, au ya Nice, BFT au FAAC za Italia, au ya Kichina yenye jina linalobadilika kila kontena. Nyingi hutumia msimbo wa kubadilika wa mtengenezaji mwenyewe. Na HomeLink inazungumza misimbo ya kubadilika ya watengenezaji waliomo kwenye orodha yake tu. Tovuti ya HomeLink ina mahali pa kutafuta aina ya gari na aina ya mota. Tazama hapo kabla ya kumwita fundi. Mota isipokuwemo, moja kati ya mawili hutokea: taa ya gari inaendelea kumeta polepole bila mwisho, au inajidai imeelewa na geti halishughuliki. Yote mawili si ubovu. Gari limesikia neno ambalo muda wake umeshapita.

Hapo ndipo tungependa mafundi wenzetu wawe wakweli. Badala ya bodi, mteja anahitaji risiva ya nje, yaani kipokea mawimbi, ambayo gari lake linaielewa. Ni kisanduku kidogo chenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) moja au mbili, kinafungwa ndani ya kasha la mota au kando yake, na kazi yake yote ni kugusanisha nyaya mbili kwa muda mfupi, kama mtu anayebonyeza kengele.

Kabla ya kuinunua, fanya jaribio la dakika moja litakalokuokoa na maneno mengi. Kwenye bodi ya mota tafuta mahali pa kuingiza amri: Centurion huandika TRG, BFT huandika START, Nice huandika SbS, FAAC huandika OPEN A. Chukua kipande cha waya, gusanisha sehemu hiyo na COM (terminali ya pamoja) mara moja, kisha uachie. Geti likitembea, bodi ni nzima, na ugomvi wote uko kwenye mawimbi. Angalizo: mota kadhaa zina umeme wa volti 230 ndani ya kasha lile lile. Usiguse terminali ambayo huna hakika nayo, na wakati wa kufunga nyaya za kudumu zima swichi kuu na uchomoe betri.

Risiva ina terminali za rilei zilizoandikwa COM, NO (huwa wazi mpaka ubonyeze) na NC (huwa imefunga mpaka ubonyeze). Unatumia COM na NO: moja kwenda COM ya bodi, nyingine kwenda TRG au jina linalolingana nalo. Ukitumia NC, bodi itadhani kuna mtu amekalia kitufe siku nzima. Umeme wa risiva utoe kwenye tundu la volti 12 au 24 la bodi yenyewe, si adapta ya ukutani, ili umeme ukikatika na geti likifanya kazi kwa betri, risiva nayo iwe hai. Soma volti kwanza: bodi nyingi za Kiitalia hutoa 24, na risiva ya 12 pekee itanuka moshi kabla hujafunga kifuniko.

Kosa tunalorekebisha mara nyingi zaidi kuliko yote kwenye risiva hizi ni kijampa, kile kiunganishi kidogo cha kuchagua namna ya kufanya kazi, kilichowekwa vibaya. Risiva huwa na namna mbili au tatu za kufanya kazi. Kwa geti tunataka mguso mfupi, nusu sekunde hadi sekunde moja. Ikiwekwa namna ya kushikilia, ukibonyeza mara moja rilei inafunga na kubaki imefunga mpaka ubonyeze tena. Dalili zake zinapotosha sana: geti linafunguka vizuri, halafu halijifungi lenyewe, na rimoti zote za mkononi zinaonekana zimekufa, kwa sababu bodi bado inaona amri ya kwanza haijaisha. Mtu anabadilisha betri za rimoti nne, kumbe kijampa kimoja.

Antena ya risiva ni ule waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye kona ya bodi yake. Kwa 433.92 urefu wake unaofaa ni sentimita 17 na kidogo, kwa 315 ni karibu 24. Usiukate kwa sababu unaning'inia, usiuzungushe kama chemchemi, usiufunge pamoja na nyaya za umeme. Ukiacha waya huo ndani ya kasha la chuma, rimoti itafanya kazi ukiwa umesimama hapo hapo na itagoma ukiwa garini. Utoe nje kupitia tundu la chini, ukiwa umenyooka.

Je, risiva ya msimbo wa kudumu inafaa? Inakubali gari lolote kwa urahisi, ni ya bei ndogo, na mafundi wengi wataipendekeza. Kwa geti la ndani, kati ya uwanja na sehemu ya kuegesha, hatuna neno. Kwa geti la barabarani tunakataa. Ukiwa na geti la msimbo wa kubadilika lililokugharimu pesa nyingi, kisha ukaning'iniza pembeni yake risiva inayofunguliwa na neno moja lisilobadilika, umejenga ukuta ukaacha tundu la paka linalopita mtu. Lipia risiva ya msimbo wa kubadilika iliyomo kwenye orodha ya HomeLink. Na kama bei haishikiki, kaa na rimoti yako ya mkononi, hakuna aibu.

Ukishafunga risiva hiyo, masomo ni yale yale mawili. Rimoti iliyokuja na risiva unaipeleka mbele ya kioo cha gari, taa ikubali. Kisha kitufe cha kujifunza cha risiva, mara moja, na kitufe cha gari sekunde mbili, mara mbili au tatu. Rilei ikilia "tak" kila ukibonyeza garini, umemaliza. Weka simu au sikio karibu na kasha kabla ya kuunganisha nyaya za geti. Ukisikia rilei na geti halitembei, tatizo liko kwenye nyaya, na huna haja ya kurudi garini.

Baada ya hapo linabaki suala la umbali. Geti linalofunguka kutoka mita 30 kwa rimoti na mita 3 kwa gari lina sababu, na mara nyingi sababu iko kwenye vioo. Tinti ya karatasi yenye chembe za chuma huziba mawimbi, na vioo vya mbele vya magari kadhaa ya Ulaya vimepakwa tabaka la kukinga joto linalofanya vivyo hivyo. Jaribu ukiwa umeshusha kioo cha mlango. Umbali ukiongezeka, umepata jibu. Upande wa mota, balbu za LED za bei rahisi hutoa kelele ya redio. Huko Marekani kisa hiki ni cha kawaida: mtu anabadilisha balbu ya mota ya gereji, kesho yake rimoti inafanya kazi taa ikizimika tu. Kwetu mtuhumiwa mwingine ni uzio wa umeme unaopiga cheche kwenye kihami kilichopasuka au jani lililogusa waya. Ukisikia "tik, tik" usiku, shughulikia huo uzio kwanza.

Kuna na hili la watoto. Mota za KeeLoq, mfumo wa msimbo wa kubadilika ulioenea sana kwenye mageti, hukubali hesabu iliyoruka mbele hadi hatua 16 hivi. Mtoto akikaa garini sokoni akabonyeza kitufe mara ishirini, ukifika nyumbani geti litakuona mgeni. Usifute wala usifundishe upya. Bonyeza mara mbili mfululizo, polepole; mota italinganisha hesabu mbili zinazofuatana, itajirekebisha, na kwa kawaida itafungua kwa bonyezo hilo la pili.

Usalama wa watu hauna mjadala. HomeLink yenyewe hukataza kutumiwa na mota ya gereji isiyo na uwezo wa kusimama na kurudi nyuma ikikuta kizuizi, na Marekani imelazimisha kinga ya kubana watu kwenye mota za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1993. Kwa mageti yetu kinga hiyo ni ile mionzi inayovuka njia ya geti, bimu, na nguvu ya mota iliyopimwa sawasawa. Geti la kuteleza la kilo 400 halina macho. Wakati wa masomo yote mawili litacheza lenyewe bila taarifa, kwa hiyo toa gari kwenye njia yake na watoto waitwe ndani. Na mtu asiyefunga bimu asifunge risiva ya gari, kwa sababu kitufe cha kioo kinabonyezwa na dereva ambaye macho yake yako barabarani.

La mwisho ni kitufe hicho kikiwa mikononi mwa wengine. Gari likienda kuoshwa au kwa fundi, kitufe huenda nalo, pamoja na kadi yenye anuani yako kwenye kiboksi cha dashibodi. Kabla ya kuuza gari, futa: vitufe viwili vya pembeni, shikilia, taa imete haraka, achia, kisha bonyeza kimoja ujiridhishe kwamba geti halijibu. Ukinunua, fanya hivyo hivyo siku hiyo hiyo. Na gari likiibwa, kufuta garini hakuwezekani tena. Futa kwenye mota. Bodi zenye kumbukumbu ya majina au namba kwa kila rimoti hukuruhusu kuondoa moja tu, lakini iwapo tu fundi aliandika namba ipi ni ya nani. Zisizo na hilo zinafutwa zote, na kila rimoti ya nyumba inafundishwa upya. Kwa hiyo siku fundi anapomaliza kazi, mwombe aandike orodha hiyo kwa kalamu ya rangi isiyofutika upande wa ndani wa kifuniko cha mota: 1 ya baba, 2 ya mama, 3 ya mlinzi, 4 gari.

Mafundi wa mageti ya umeme,
Dar es Salaam